Je, Kila Kinachochelewa Ni Kosa?

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinisahihisha. Sisemi alinikosoa, kwani wajukuu huwakosoa babu zao kila uchao, nasi tumejifunza kujifanya hatusikii. Nasema alinisahihisha, kwa maana ile ile niliyoijua kwa miaka 37 ya ualimu: alichukua kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, akaipitia yote, akaondoa kila alichokiona si sahihi, kisha akanirudishia ikiwa safi. Tofauti ilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa nikikesha na taa ya chemli na kalamu ya wino mwekundu juu ya madaftari arobaini na tano. Yeye alibonyeza mara moja, na kazi ikaisha kabla sijashusha mkono.

Kazi yenyewe ilikuwa ni besi ya wimbo.

Huenda msomaji akajiuliza mzee wa umri wangu ana shughuli gani na nyimbo za vijana. Kijana huyu alimaliza kidato cha sita mwaka jana, na wakati anangojea mambo yake ya chuo, amekigeuza chumba changu cha nyuma kuwa mahali pa kutengenezea muziki. Ametundika mablanketi ukutani ili mwangwi usirudi, ana kompyuta, ana spika mbili, na kinanda kidogo cha vitufe 25 ambacho chenyewe hakina sauti. Kazi yake ni kuipelekea kompyuta habari kwamba kidole kimegusa hapa, kwa nguvu kiasi hiki. Hana gitaa, hana ngoma, hana tarumbeta. Vyote vimo ndani ya programu. Siku ya kwanza alipoingia sebuleni akasema, "Babu, nimepiga besi kali," nilimjibu kwamba hakupiga, alibonyeza. Lakini hoja hiyo sikuishikilia. Aandikaye kwa taipureta haachi kuwa mwandishi, na fundi cherehani haambiwi kwamba kanzu imeshonwa na mashine. Wazee wenzangu wengi huanzia kwenye swali hilo, nami naliona jepesi. Lililoninyima usingizi ni jingine, ila halitaeleweka kabla sijaeleza besi ya aina hii inavyotengenezwa.

Kwenye kioo cha kompyuta hutokea ukurasa wa miraba, mfano wa daftari la hesabu. Upande wa kushoto kinanda kimesimamishwa wima: sauti nzito ziko chini, nyembamba ziko juu. Muda unatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kila pigo la wimbo limegawanywa mara nne, kwa hiyo mapigo manne yana miraba kumi na sita. Ukitaka sauti, unachora kipande cha mstari ndani ya mraba; kipande kirefu ni sauti ndefu, kifupi ni sauti fupi. Chini ya ukurasa kuna vijiti vinavyoonyesha nguvu ya kila noti, kuanzia 1 hadi 127. Ukichoka kuchora unaweza kupiga mwenyewe kwenye kile kinanda, na programu itaandika ulichopiga papo hapo, kama mwanafunzi anayeandika imla.

Sifundishwi mara nyingi siku hizi, kwa hiyo nilikaa nikasikiliza. Kijana alinieleza kwamba besi ina matatizo mawili. La kwanza ni jirani yake, ngoma kubwa. Wote wawili wanaishi bondeni, kwenye sauti za chini kabisa, na wakisema kwa nguvu kwa wakati mmoja hakuna anayesikika. Panatokea mngurumo tu. Kwa hiyo huiamuru programu ishushe besi kidogo kila ngoma inapopiga, kisha iipandishe tena, na jambo hilo hutendeka haraka mno sikio lisitambue. Niliipenda sana adabu hiyo. La pili ni simu. Uzi mnene wa gitaa la besi la kawaida hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu ya mkononi, ambayo si kubwa kuliko punje ya hindi, haiwezi kuitoa sauti hiyo hata kidogo. Lakini vijana wote husikiliza kwa simu. Dawa yake ni kuikwaruza besi kidogo ili zile sauti za juu zinazoandamana nayo zipate nguvu. Sikio likizisikia hizo, linaijaza yenyewe ile ya chini isiyokuwapo, kama vile ukiwaona watoto watatu wanaofanana wakipita barabarani unavyomjua mama yao hata kama kabaki nyumbani.

Sasa nije kwangu. Mimi ni mtoto wa Morogoro, na ujana wangu ulikuwa katika mji uliokuwa na bendi mbili zenye sifa nchi nzima, Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Kijana wa wakati ule kutokujua muziki ilikuwa ni kazi kubwa kuliko kuujua. Nilipokwenda chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuo kilikuwa na bendi ndogo ya wanachuo: gitaa la solo, gitaa la rithim, gitaa la besi, tumba mbili, na mwimbaji aliyejiona Mbaraka Mwinshehe. Mimi nilipewa besi, kwa sababu ambayo haina heshima yoyote: haikuwa na mtu. Kila mmoja alitaka solo.

Aliyenifundisha alikuwa mwanachuo mwenzetu kutoka Tanga, aliyetuzidi umri, mpiga tumba. Wiki ya kwanza nilipiga kwa bidii, kila noti juu ya pigo la tumba, barabara kabisa. Akanisimamisha. Akasema: "Ukisalimiwa shikamoo, unaitikia lini? Unaitikia pamoja naye?" Nikasema hapana, namngoja amalize. "Basi," akasema, "tumba inakwambia shikamoo. Wewe ni marahaba." Sikuelewa hadi miezi miwili baadaye, tulipokuwa tukipiga kwenye sherehe za Sabasaba, nikachoka, mkono ukalegea, noti zangu zikaanza kuja nyuma kidogo ya tumba, kidogo sana, na nikaona watu uwanjani wanabadilisha namna ya kucheza. Mabega yalishuka. Yule wa Tanga akanitazama akacheka. Tangu siku hiyo nilipiga hivyo, hadi nilipopangiwa shule na gitaa likabaki chuoni.

Hiyo ndiyo besi niliyoipiga mwezi uliopita, kwa vidole viwili, kwenye kinanda cha vitufe 25, baada ya zaidi ya miaka hamsini. Mjukuu wangu alikuwa na wimbo usiokamilika, akasema kwa utani, "Babu, si ulikuwa mpiga besi? Hebu." Nikapiga dakika tatu. Nikasikia bega langu mwenyewe linashuka. Kisha akabonyeza, akapiga wimbo tena tangu mwanzo ili nisikie.

Ilikuwa sahihi. Kila noti ilikuwa ni ile ile niliyoigusa, kwa mpangilio ule ule. Na hapakuwa na mtu mle ndani.

Nikamwuliza amefanya nini. Akanionyesha ukurasa wa miraba jinsi ulivyokuwa kabla: vipande vyangu vyote vilikuwa vimesimama nje kidogo ya mistari, upande wa kulia. "Ulikuwa unachelewa, Babu. Nimekukwantaizi." Ndilo neno lao, maana yake ni kuichukua kila noti na kuirudisha kwenye mstari ulio karibu nayo. Wimbo ulikwenda kwa mapigo 100 kwa dakika, maana yake kila pigo ni sehemu 0.6 ya sekunde, na kila mraba ni 0.15. Mimi nilikuwa nyuma kwa 0.03 hivi. Jambo lote tunalolijadili, ndugu msomaji, ni la sehemu tatu za sekunde iliyogawanywa mara mia.

Ningeweza kuishia hapo na kulaani mashine, na wapo ambao wangenipigia makofi. Lakini mwalimu anayelaani usahihi ajiulize alikuwa akila mshahara wa nini. Gitaa la besi lenyewe, hilo la mbao na nyuzi nne, ni mtoto wa usahihi. Leo Fender wa Marekani alipolitoa mwaka 1951 aliliita Precision Bass, na jina hilo maana yake ni usahihi hasa. Kabla yake mpiga besi alikumbatia fidla kubwa ya kusimama ambayo shingo yake ni laini, na kidole kikikosea upana wa unyasi, noti imeharibika. Fender alipigilia vipande vya chuma kukata shingo, ili kidole kikianguka popote katikati ya vyuma viwili noti itoke ile iliyokusudiwa. Ni kukwantaizi tu huko, ila kwa chuma. Na mimi nisiyekuwa na kipaji niliweza kupiga besi chuoni kwa ajili ya vyuma hivyo. Vilinisahihisha kila dakika, wala sikuvinung'unikia.

Mtoto aliyeandika "kitapu" lazima asahihishwe. Mwalimu anayeuacha wino mwekundu kwa sababu hataki kumwumiza mtoto, mara nyingi ni mvivu aliyepata jina zuri la uvivu wake. Nimewaongoza walimu wa namna hiyo, nawajua.

Upande wa pili, mjukuu wangu mwenyewe alinisimulia habari ya kisanduku kimoja cha Japani, Roland TB-303, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilitengenezwa kiwe badala ya mpiga besi, kimsindikize mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kikafeli mtihani huo vibaya sana. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi, ililia kama paka aliyefungiwa kabatini, na kukipangia noti kulikuwa kugumu. Mwaka 1984 kikaacha kutengenezwa, na vilivyobaki vikauzwa kwa bei ya kutupa. Ndipo vijana wa Chicago wasiokuwa na fedha wakavinunua, wakavizungusha vifungo vyake namna ambayo waliovitengeneza hawakuiwazia, na mwaka 1987 kundi moja liitwalo Phuture likatoa muziki uliozunguka dunia, wote umejengwa juu ya kilio kile kile kilichokuwa kosa. Leo visanduku hivyo ni ghali kuliko vilivyokuwa vipya, na zipo programu zinazotengenezwa kuiga kosa lake kwa usahihi mkubwa. Nimeshika shavu mara nyingi nikikiwaza kisanduku hicho. Je, mle darasani mwangu, miaka yote ile, nilivipanga vingapi kwenye rafu ya waliofeli?

Kimoja nakijua. Nacho si kisanduku.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970, shule ya pili niliyopangiwa, Darasa la Tatu. Mvulana mmoja aliandika kwa mkono wa kushoto. Aliandika vizuri, naomba hilo lieleweke. Herufi zake zililala kidogo, lakini zilisomeka kuliko za wenzake wengi. Ila mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na desturi zetu kichwani kuhusu mkono huo na kazi zake, na nilikuwa na rula. Kila alipohamishia kalamu kushoto nilimgonga vifundo vya vidole. Si kwa nguvu, nilijiambia. Baada ya muhula mmoja alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia, polepole, herufi kubwa kubwa zinazotetemeka, na mkaguzi wa shule alipokuja nilimwonyesha daftari la zamani na jipya kama ushahidi wa kazi yangu. Alinipongeza. Mtoto huyo hakuendelea baada ya darasa la saba. Sisemi sababu ni mimi. Wengi hawakuendelea miaka ile, nafasi zilikuwa chache. Nasema tu hakuendelea.

Mwaka 2016 tulifiwa na shemeji yangu. Siku ya pili ya msiba niliingia ua wa nyuma kutafuta kivuli, nikamkuta mwanamume mwenye mvi ameinama juu ya daftari la michango, anaandika jina lake na kiasi alichotoa. Alikuwa anaandika kwa kushoto, haraka, kwa raha. Akasikia hatua zangu, akainua macho, akanitambua kabla sijamtambua. Na kabla hajasema neno, mtu yule mwenye zaidi ya miaka arobaini na mitano, mwenye watoto wake na pengine wajukuu, aliihamisha kalamu mkono wa kulia. Kisha akasimama akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Marahaba yangu ilichelewa sana.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi bila ya kupata mlango wake, hadi siku ile nilipoviona vipande vyangu vya besi vinaruka kwenda kwenye mistari. Mistari ile ilichorwa kabla sijagusa kinanda. Programu haiulizi umepiga nini. Inauliza uko umbali gani na mstari wangu. Nami sikumwuliza mvulana yule ameandika nini. Nilitazama mkono.

Basi kipimo ni kipi? Nilidhani kwanza nimekipata hapa: kosa ni kile ambacho mtendaji mwenyewe, akionyeshwa, atakitaka kiwe vinginevyo. Aliyeandika "kitapu" akionyeshwa atafuta mwenyewe. Kipimo hiki kilinipendeza kwa siku mbili tatu, hadi nikaikumbuka kalamu ile ikihama. Hakuna aliyemwamuru siku hiyo. Sikuwa na rula. Aliyesahihishwa vya kutosha hujisahihisha mwenyewe, na ukimwuliza atakwambia ndivyo atakavyo. Kwa hiyo kuuliza utashi wa mtu baada ya kumfinyanga ni kumwuliza mtungi kama unapenda umbo lake.

Ninachokishika sasa, na sijui kama kitadumu kuliko cha kwanza, ni kuuliza kitu hiki kinavunja nini. "Kitapu" kinavunja njia kati ya mwandishi na msomaji. Mkono wa kushoto haukuvunja chochote isipokuwa mazoea ya macho yangu. Noti inayokuja nyuma ya ngoma haiuvunji mchezo ikiwa inaijibu ngoma; ikiwa imechelewa kwa sababu mpigaji amesinzia, inauvunja, na wachezaji watakanyagana. Lakini kwenye ukurasa wa miraba noti hizo mbili zinafanana kabisa. Zote ziko kulia kwa mstari. Hapo ndipo ugumu ulipo, wala sioni programu itakayouondoa, maana mimi mwenyewe nikiwa na macho mawili na cheti cha ualimu sikuuondoa.

Nilimweleza kijana habari ya shikamoo na marahaba. Ya rula sikumweleza; ataisoma humu kama akipenda. Alinyamaza kidogo, akaufuta usahihishaji wake, noti zangu zikarudi nje ya mistari, akasikiliza tena. Akasema, "Sawa, nakusikia." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: aliigeuzia kompyuta ukutani, ili asione miraba, akafumba macho, akaanza kuupiga wimbo kutoka mwanzo, akisimama kila mahali panapomkwaza. Saa nzima tulikaa hivyo. Nilidhani atanirudishia besi yangu nzima kwa heshima ya babu, na nilikuwa tayari kuipokea.

Hakunirudishia nzima. "Hii, Babu, si marahaba," alisema. "Hii ni vidole." Nami nina baridi yabisi, kidole cha kati cha kulia hakikunjiki asubuhi. Tulizikuta noti tisa za namna hiyo. Sita alizipeleka kwenye mstari moja kwa moja. Tatu alizisogeza nusu ya njia tu, kwani programu inaruhusu kusahihisha kwa kiasi, robo, nusu, au upendavyo. Sikujua kama kuna kusahihisha nusu. Katika miaka 37 sikuwahi kukutumia. Zilizobaki aliziacha pale pale nilipoziweka, na wimbo huo sasa unapigwa kwenye bajaji za mtaani kwetu, ingawa spika zake ni mbovu na besi haisikiki vizuri.

Lile daftari la michango lipo nyumbani kwa dada yangu. Kwetu halitupwi, maana ni deni. Waliokuja kwako utawaendea. Nililifungua wiki iliyopita. Jina lake lipo ukurasa wa nne, na namba ya simu. Jina limeandikwa kwa herufi zilizolala kidogo, nzuri, zinazokimbia. Namba imeandikwa kwa mkono mwingine, tarakimu kubwa kubwa zinazotetemeka, na ya mwisho sina hakika kama ni 1 au 7.